Wimbo wa Sitini na Nne

Kila asubuhi, kabla hajabandika sufuria ya chai, Mama Yudith huketi mbele ya kompyuta ya sebuleni akiwa bado amejifunga kitenge cha kulalia, na juu yake sweta la mumewe. Huchomeka diski ndogo ya nje, hufungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, na kuandika mstari mmoja. Huuandika akiutamka kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi, ingawa ameshaujua kwa kichwa siku nyingi. Maandishi meupe hushuka mbio, kisha hutulia. Hapo huandika mstari wa pili, mfupi zaidi, na kompyuta humjibu kwa namba. Namba hiyo huihamishia kwenye kaunta buku, daftari lake nene, mbele ya tarehe ya siku hiyo.

"Sitini na tatu," husema, akimwambia yeyote aliye karibu, na kama hayupo mtu, akiuambia ukuta. Ndipo huinuka kwenda kuwasha mkaa.

Nilihamia chumba cha uani cha nyumba hiyo, Uyole, Januari 2016, nilipopangiwa kufundisha shule ya sekondari ambayo yeye ni karani wake. Chumba changu na sebule yao vinatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma, kwa hiyo niliisikia ile sitini na tatu kabla sijaiona. Wiki mbili za kwanza nilidhani anahesabu kuku. Sikuuliza. Mengine niliyajua polepole, tukimenya viazi pamoja, au mumewe akisimulia huku akimkatia ng'ombe majani, au Yudith, binti yao, akija likizo kutoka chuoni.

Jina lake ni Ikupa. Alizaliwa upande wa Tukuyu mwaka 1970. Baba yake alikuwa mmoja wa vibarua waliojenga reli na Wachina, na kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na sanduku la bisibisi na redio moja. Redio ile ikikoroma, baba alitandika kitambaa cheupe mezani, akaifungua, na kila skrubu aliyoitoa aliilaza kwenye kitambaa kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka 1977 Ikupa alikuwa na miaka saba, na kazi yake ilikuwa kushika pembe za kitambaa upepo usikiinue. Hakuruhusiwa kupiga chafya.

"Baba yako alikuwa fundi redio?" mumewe aliwahi kumuuliza mbele yangu, kwa kumchokoza tu, maana jibu alilijua.

"Hakuwa fundi. Alikuwa hataki kumpelekea mtu redio yake."

Ukarani aliusomea Iringa, kwenye mashine za chapa zilizofunikwa kibao ili mwanafunzi asione vidole vyake. Kisha akaolewa na Jailos, karani wa mizigo stesheni, ambaye watu wengi wa Uyole hawalijui jina lake kwa sababu wamezoea kumwita Mwalimu. Ualimu wenyewe ni wa kwaya. Tangu mwaka 1991 Mwalimu Jailos ametunga nyimbo za kanisani kwa sauti nne, akiziandika kwa nota za herufi, do re mi, kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu: nyuma ya kalenda, nyuma ya fomu za mizigo, hata kwenye boksi la sabuni. Walipopata kompyuta yao ya kwanza, mtumba wa kutoka Dubai, Ikupa aliamua kuzichapa zote. Ilimchukua miaka mitatu. Kila wimbo uliokwisha kuchapwa, karatasi yake ilikwenda jikoni kuwashia mkaa. Hiyo ilikuwa amri yake mwenyewe.

"Panya walishaanza kula vibwagizo," alinieleza. "Nikaona ziko salama kwenye mashine, makaratasi ya nini?"

Wimbo wa mwisho, wa sitini na nne, Mwalimu aliutunga Novemba 2012, mama yake mzazi alipofariki. Aliutunga kwa siku mbili, palepale msibani. Wanakwaya walijifunza wakiwa wamekaa kwenye majani ya mgomba, na waliuimba mara moja tu, kaburini. Sauti ya tatu iliongozwa na Bartolomeo, mtu wa makamo aliyekuwa akiziba pancha pale njia panda. Mstari wa mwisho ulimtaka apande juu. Bartolomeo alimpenda sana yule bibi. Alipofika pale sauti haikupanda. Ilishuka, ikapinda kidogo, ikakaa. Wenzake walimfuata, wimbo ukaisha hivyo, na watu waliokuwa wakitupia udongo walisimama na majembe mikononi.

Jioni ile Mwalimu alimwambia mkewe, "Uchape kama Bartolomeo alivyouimba, si kama nilivyouandika." Bartolomeo akaja, akaimba mstari wake, Ikupa akachapa. Baada ya Krismasi Bartolomeo aliuza vifaa vyake vya pancha akaenda Chunya kuchimba dhahabu.

Sasa lazima nieleze habari ya D.

Makarani wote wa shule za huku walifundishwa jambo moja kuhusu kompyuta: vitu vyako weka D, ile sehemu ya pili ya diski, si C inakokaa Windows. Mashine ikiugua, fundi atapiga Windows upya. Kilichoko C kitafutika, kilichoko D kitabaki. Ikupa aliishi kwa kanuni hiyo, na nyimbo zilikaa D. Ila Mwalimu hakuwahi kuielewa D. Kila alipotaka wimbo aliita kutoka sebuleni, "Mama Yudith! Hiyo D yenyewe imeingilia wapi?" na mkewe aliacha ugali jikoni kwenda kumfungulia. Baada ya msiba alimwonea huruma. Akazitoa nyimbo zote D, akaziweka mbele kabisa, kwenye uso wa kompyuta ambapo alikuwa ameweka picha ya marehemu mama mkwe amevaa kilemba. Nyimbo zikakaa pembeni mwa kilemba. Mwalimu akawa anazifungua mwenyewe, na Ikupa akasahau kwamba amezihamisha.

Machi 2013 kompyuta ilianza kujizima. Akaibeba kwa Seni, fundi wa njia panda, Msukuma mcheshi ambaye watu wa Uyole wanamwita Dokta. Windows yake, kama za mafundi wengi, ilikuwa ya kunakili, isiyolipiwa, na flashi za mtaa mzima zilipita kwenye mashine yake.

"Mama, hii imekula virusi mpaka imevimbiwa," Seni alisema. "Dawa yake kupiga Windows."

"Piga."

"Vitu vyako viko D?"

"Viko D."

"Vyote?"

"Mdogo wangu, mimi ni karani. Nimekwambia viko D."

Alasiri mashine ilirudi nyumbani nyepesi kama mpya. Mwalimu aliiwasha, akaona rangi ya bluu tupu.

"Mama Yudith," aliita, "mama yangu yuko wapi?"

Ikupa alikuwa anachambua mchele. Anasema mikono yake ilielewa kabla ya kichwa, kwa sababu ungo ulianguka kwanza. Alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, akamwambia yote bila kupunguza: nyimbo alizitoa D yeye, akaziweka usoni, ambako ni C, na aliyemwambia Seni ziko D ni yeye.

Mwalimu alisema, "Basi." Akachukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani.

Seni naye alihangaika, siku mbili nzima, na programu yake ya kufufua vilivyofutwa. Alifufua picha mia moja na kumi za harusi ya watu ambao hakuna aliyewajua, pengine waliomiliki mashine hiyo kabla haijavuka bahari. Wimbo hata mmoja haukurudi.

Tangu siku hiyo Mwalimu aliendelea kufundisha kwaya, lakini nyimbo za watu wengine. Hakutunga. Wimbo wa mama yake alijaribu kuuandika upya mara mbili, akaishia njiani. Sauti ya kwanza, ya pili na ya nne alizikumbuka. Ya tatu, ile ya Bartolomeo iliyoshuka na kupinda, haikumjia, na walioimba naye walikuwa wakimfuata tu.

"Si umetunga mwenyewe?" Ikupa alimwambia.

"Siku ile nilikuwa mfiwa, sikuwa mwalimu."

"Tunga mwisho mwingine."

"Nikitunga mwisho mwingine utakuwa wimbo mwingine."

Ikupa aliniambia kwamba hapo ndipo alipoamua mambo mawili. Wimbo ule ataurudisha, na hakuna fundi atakayegusa tena mashine ya nyumba yake. La kwanza hakujua ataanzia wapi. La pili lilimfuata Iringa mwezi Juni, kwenye mafunzo ya siku tano ya makarani wa shule.

Kompyuta za kwenye ukumbi ule hazikuwa na Windows. Karani mmoja kutoka Njombe aliinua mkono akauliza hii Windows ya kijani ni toleo gani. Mkufunzi, Tadeo, Mhehe mrefu wa Kalenga, alicheka akasema si toleo lolote, hii inaitwa Linux, imetengenezwa na watu wengi wakaiacha wazi, anayetaka achukue. Wengi walinung'unika. Wakati wa chai Ikupa alimfuata Tadeo penye birika, akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, dada. Na wewe umekuja kulalamika?"

"Hapana. Hii ikiharibika, naipiga upya mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na vitu vyangu?"

"Unavitengea chumba chao. Wewe bomoa sebule, jenga sebule, wao wako chumbani wamelala."

"Nikitaka kuangalia ndani inavyofanya kazi, nani ananizuia?"

"Nani akuzuie? Ndani ndiko walikotaka ufike."

Siku ya mwisho Tadeo alimpa flashi yenye Linux, namba yake ya simu, na ukurasa mmoja wa daftari wenye mistari sita ya maelekezo. Kwenye basi, hata waliposimama Mafinga, abiria wakishuka kununua mahindi na harufu ya mbao mbichi ikiingia madirishani, yeye hakushuka. Flashi alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge, kama watu wa zamani walivyofunga vitu wasivyotaka kuvipoteza.

Jumamosi iliyofuata alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya sebuleni. Mwalimu alimuuliza cha nini, mashine haifunguliwi kwa bisibisi. Hakukuwa na skrubu za kupanga, kwa hiyo aliweka kaunta buku juu ya kitambaa, na kila alichokifanya alikiandika kabla ya kukifanya, kwa mpangilio, ili akikosea ajue arudi wapi.

Alikosea sana. Mara ya kwanza kompyuta iliwaka bila sauti. Mara ya pili modemu haikutambulika, akampigia Tadeo simu mpaka chaji ikaisha. Mara ya tatu alifuta kila kitu kwa kubonyeza ndiyo mahali pa hapana. Kurasa hizo za kaunta buku nimeziona. Ameandika "HAPA SIYO" kwa herufi kubwa mara nyingi kuliko neno lingine lolote. Mara ya nne hakuutazama ukurasa wa Tadeo. Ilipokubali, alichukua kompyuta mpakato ya Yudith, akaipiga Linux. Akachukua na ile ndogo iliyopasuka kioo ambayo Mwalimu huiweka chumbani. Mashine tatu, wiki mbili.

"Mama, yangu ungeiacha," Yudith alilia. Alikuwa kidato cha tano wakati huo. "Wenzangu wanacheza gemu. Sisi kompyuta zetu zimeokoka!"

"Flashi zako ndizo zinazotembea kuliko zote. Ya kwako ndiyo ya kwanza kuokoka."

Mtaani walimwita Mama Linaksi. Seni, akimwona anapita njia panda, alipiga kelele kutoka kwenye kibanda chake: "Mama Linaksi! Ukichoka uje, kitanda chako wodini bado kipo!"

"Lalia mwenyewe, Dokta!" alijibu, wala hakupunguza mwendo.

Nyimbo nazo alianza kuzitafuta. Mwanakwaya hajui wimbo mzima. Anajua sauti yake. Aliyeimba ya pili miaka ishirini, ukimwambia akuimbie ya kwanza, atakuimbia kitu cha ajabu. Kwa hiyo kila Jumamosi Ikupa aliita watu wanne, mmoja kwa kila sauti, akawaketisha kwenye makochi, akawapa viazi vya kuchemsha, na kuwaimbisha mstari kwa mstari huku akichapa. Paskalina, jirani yao, aliyeimba sauti ya pili tangu kwaya ilipoanza, ndiye hakukosa hata Jumamosi moja. Mwalimu mwanzoni alikaa nje na ng'ombe wake. Wiki ya tano aliingia kumsahihisha mtu wa besi, akasahau kutoka.

Ilipofika Oktoba kulikuwa na nyimbo ishirini na moja. Mwalimu alitaka vitabu vichapishwe kwa ajili ya sikukuu ya kwaya. Ikupa akapeleka kazi yake steshenari, ikatoka vibaya mno. Mashine za pale zilikuwa za Windows, na zilipofungua kazi iliyotengenezwa kwenye Linux, herufi za nota zilisogea. Mwalimu alishika karatasi.

"Nota ya besi imehamia kwa sauti ya kwanza. Hapa akina mama wataimba nini? Watanguruma?"

"Nitairekebisha."

"Umesharekebisha miezi minne. Mama Yudith, nisikilize. Jumamosi nota zisipokaa sawa, Jumatatu naibeba mashine mwenyewe kwa Seni, apige Windows, tuishi kama watu."

Ikupa alisema sawa. Alijua kwamba mashine ikirudi kwa Seni, siku moja itarudi tena tupu, na safari hiyo wale watu wanne wa makochini huenda hawatakuwepo wote. Mmoja wao alikuwa na miaka sabini na miwili.

Tadeo alimweleza kwa simu namna ya kuifunga karatasi ili popote itakapofunguliwa isibadilike. Hilo lilimchukua mchana mmoja. Tatizo likabaki flashi. Ile nzuri hakutaka ikanyage tena steshenari ikaokota virusi. Akakumbuka kwamba kwenye kopo la vifungo vya nguo kulikuwa na flashi iliyokufa. Ilikwenda steshenari katikati ya mwaka 2012, ikarudi haina kitu, na Seni alipoichungulia kwenye Windows yake aliona tupu, akasema itupwe. Ikupa hatupi kitu chenye mfuniko. Aliichomeka ili aifute, aitumie kwa safari moja.

Kompyuta ikamwonyesha orodha. Kulikuwa na takataka zenye majina ya ovyo, ambazo ndizo virusi vyenyewe, zimekaa bila nguvu maana zilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Katikati yake kulikuwa na folda moja, jina lake NYIMBO. Virusi havikuifuta. Viliificha tu, na kuificha huko kulikuwa ni alama ambayo Windows huitii na Linux haiijali.

Alimwita mumewe bila kuinuka.

"Baba Yudith, njoo. Usikanyage waya."

Mwalimu alikuja na majani ya ng'ombe mabegani. Zilikuwemo nyimbo hamsini na mbili, kama zilivyochapwa. Alizisoma moja baada ya nyingine akiwa amesimama, akiimba besi kwa pua, na hakuna aliyemkumbusha majani. Mbili kati ya zile walizokwisha kuzikusanya makochini, aliamua wanakwaya wamezikumbuka vizuri kuliko alivyoziandika. Akaagiza zibaki za kwao. Jumatatu ikapita kama Jumatatu nyingine, mashine haikubebwa kwa Seni.

Nyimbo kumi na moja zilizochapwa baada ya flashi hiyo kufa zilipatikana makochini. Jumla sitini na tatu, na ndizo anazozinakili kila asubuhi kwenye diski ya nje na kuzihesabu. Uliobaki ni mmoja, na flashi isingeweza kuwa nao, kwa sababu flashi ilikufa kabla ya bibi.

Leo nyumba ile yote inaendeshwa kwa Linux. Tarehe za ng'ombe kupandishwa, ratiba za shule anazomalizia nyumbani, kazi za chuo za Yudith, filamu anazokuja nazo, nota mpya za Mwalimu, ambaye ameanza kutunga tena, zikihesabiwa kando. Kikiharibika kitu, Mama Yudith hutandika kitambaa. Katika miezi niliyokaa kwao alikitandika mara tatu, na mara zote tulikula kwa kuchelewa.

Wimbo wa bibi ulikaa katika folda ya peke yake, isiyohesabiwa. Niliuona siku moja aliponiomba nimsomee kwa sauti ahakiki. Sauti ya kwanza ipo, ya pili ipo, ya nne ipo. Ya tatu ni mstari wa nukta tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haujawa wimbo bado," alisema. "Ukiwa wimbo nitauhesabu."

Namba ya Bartolomeo ilikuwa haipatikani tangu mwaka 2013. Ndugu zake walisikia yuko machimboni, lakini machimbo ya Chunya ni mengi na watu huhama kila dhahabu inapohamia. Kwa hiyo Ikupa alichapisha ule ukurasa, wenye mstari wa nukta, na chini yake akaandika: "Bartolomeo, mstari huu ni wako. Mama Yudith, Uyole." Kila aliyesikia anakwenda Chunya alimpa nakala: wanunuzi wa tumbaku, dereva wa lori, mchungaji, hata mwalimu mwenzetu aliyekwenda kwenye msiba. Akamaliza rimu moja. Akafungua nyingine.

"Ameshakufa huyo," Paskalina alimwambia siku moja, wakipepeta.

"Akifa nitaambiwa. Sijaambiwa."

Alifika Agosti, siku ya Jumapili mchana, sisi tukiwa uani. Mtu mwembamba alisimama langoni, viatu na suruali vimekuwa rangi moja na barabara ya Chunya, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka ikaanza kukatika.

"Hodi. Mwalimu, mmenitangaza kama mbuzi aliyepotea."

Mwalimu Jailos alikwenda langoni. "Kwani hukupotea?"

"Mimi najua nilipokuwa! Nyie ndio hamkujua." Akacheka, kicheko kikaishia kikohozi. "Imebandikwa ukutani kwa mama lishe, penye moshi. Nimekula pale mwezi mzima naiona, nikadhani matangazo ya mkutano wa injili. Juzi nimesogea kutafuta chumvi, nasoma, naona jina langu."

Ikupa hakumpa hata maji kwanza. Paskalina ndiye aliyempa. Ikupa alikuwa ameshaingia sebuleni kuwasha mashine.

Bartolomeo alijaribu peke yake, akashindwa. Vumbi la machimbo lilikuwa limeishusha sauti yake, na kumbukumbu nayo ilikatika baada ya mstari wa pili. Alikaa ameshika magoti.

"Peke yangu sioni njia," alisema. "Niimbieni za kwenu."

Mwalimu akachukua besi, Paskalina ya pili. Wa sauti ya kwanza hakuwepo. Ikupa, ambaye hajawahi kusimama na kwaya hata siku moja, aliimba ya kwanza akisoma kwenye kioo, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyezoea kusoma barua za watu. Walikwenda polepole, wimbo ukiwa umeshushwa ili Bartolomeo aufikie. Walipofika mstari wa mwisho, alifumba macho. Sauti yake ilianza kupanda, ikasita, ikashuka, ikapinda kidogo, ikakaa.

"Rudia," Ikupa alisema, vidole vikiwa vimeshaanza.

"Hapohapo?"

"Hapohapo."

Aliurudia mara nne. Mara ya nne Mwalimu hakuimba besi. Alikuwa ametoka, amechukua panga, anamkatia ng'ombe majani, na ng'ombe alikuwa ameshiba.

Asubuhi yake niliwahi kuamka. Nilimkuta mahali pake, kitenge na sweta, akiutamka mstari wake herufi kwa herufi. Maandishi yakashuka, yakatulia. Akaandika mstari wa pili. Namba ilipotokea aliitazama, akachukua kalamu, akaiandika kwenye kaunta buku, kisha akaisema kama kawaida yake, si kwa nguvu zaidi.

"Sitini na nne."

Nilimfuata jikoni. Nilimshikia kopo la mafuta ya taa huku akipanga mkaa, na nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimekaa nalo tangu nilipoijua habari yote.

"Mama, kama siku ile Seni angerudisha mashine na nyimbo zote zimo, ungeyafanya haya yote?"

Alipuliza mkaa mpaka ukashika.

"Nisingefanya," alisema. "Ningekuwa nampelekea Seni mpaka leo."